Chanda Chema Huvikwa Pete: Shukrani Kazini na Afya ya Mfanyakazi



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, kichocho, matende, mabusha na lishe ya watoto. Hayo ndiyo maradhi ya pwani yetu, kuanzia Somanga hadi Lindi mjini, nasi hatujamalizana nayo. Lakini mwezi huu tunaomba tuzungumzie jambo lisiloonekana kwa darubini ya maabara. Jambo hilo humkosesha mtu usingizi, humpandisha shinikizo la damu, na humfanya muuguzi aliyekuwa mpole awe mkali kwa wagonjwa. Nalo ni kufanya kazi mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, bila mtu yeyote kuonyesha kwamba ameiona kazi hiyo.

Tunajua baadhi yenu mtacheka. Mtasema, mshahara anapokea, sasa ashukuriwe kwa lipi tena? Neno hilo tumelisikia maofisini, mashambani, na hata katika vikao vya kamati za afya za vijiji. Si swali la kipumbavu, na tutajitahidi kulijibu. Tena lina upande wake wa pili ulio mbaya zaidi: yuko mwajiri anayesema asante mara tano kwa siku, anagawa vyeti na kofia, lakini mshahara wa Machi unalipwa Juni. Huyo naye tutamfikia.

MWILI UNA MIZANI

Mwaka 1996 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Johannes Siegrist, alieleza jambo ambalo wafanyakazi wamelijua tangu zamani bila kuliandika. Alisema ni kama kila mfanyakazi ana mizani. Upande mmoja anaweka juhudi zake: muda, nguvu, akili, na wasiwasi wa kazi. Upande wa pili anaweka anachokipata, nacho ni cha aina tatu: fedha, heshima, na uhakika wa kazi pamoja na nafasi ya kupanda cheo. Upande wa juhudi ukizidi kwa muda mrefu, na upande wa pili ukabaki mwepesi, mwili huanza kulipa deni hilo. Uchunguzi uliofuata katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba watu wenye mizani iliyolala namna hiyo hupatwa na maradhi ya moyo na sonona zaidi kuliko wenzao.

Namna inavyotokea si vigumu kuielewa. Mtu anapodharauliwa mbele ya wenzake, mwili wake haupambanui sana kati ya dharau na hatari. Hutoa homoni zile zile ambazo zingemsaidia kumkimbia nyoka: moyo hudunda, mishipa hubana, sukari hupanda katika damu. Nyoka akishapita, mambo hutulia. Lakini mkuu wa kazi si nyoka. Yupo kesho, keshokutwa na mwaka ujao. Basi mwili unabaki katika hali ya kukimbia huku mwenyewe ameketi kitini. Usingizi hukatika alfajiri, kichwa huuma, tumbo huchafuka, na wako wanaotafuta nafuu katika pombe na sigara, ambazo huongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali ya kuchakaa kwa sababu ya kazi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Shirika lilifafanua kwamba hali hiyo yenyewe haihesabiwi kuwa ugonjwa, bali inatokana na msongo wa kazini usiotafutiwa dawa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu kabisa, kuwa na moyo mgumu au chuki juu ya kazi yako, na kuhisi kwamba hufanyi lolote la maana. Msomaji, hebu isome tena hiyo dalili ya pili. Je, hujawahi kukutana nayo dirishani, ukiwa na mtoto mwenye homa mgongoni? Sisi tunapoikuta, tumezoea kusema muuguzi huyu ana roho mbaya. Wakati mwingine ni kweli. Lakini wakati mwingine aliye mbele yetu ni mtu aliyechakaa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2021, Shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu nyingine. Kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma huongeza hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 peke yake, vifo vilivyotokana na saa nyingi za kazi vilikadiriwa kuwa 745,000 duniani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa juma. Sasa tuone hali ilivyo kwetu.

ZAHANATI ILIYO MBALI NA LAMI

Tuchukue mfano wa muuguzi katika zahanati ya kijiji upande wa Kilwa kusini, au ng'ambo ya maji huko visiwani. Mfano huu si wa mtu mmoja. Wanaoishi maisha haya ni wengi, na wakisoma hapa watajitambua.

Asubuhi ana kliniki ya watoto: kupima uzito, kuchanja, kueleza uji wa lishe. Katikati ya kliniki anaingia mgonjwa aliyekatwa na panga shambani. Mchana wajawazito. Jioni anaketi na vitabu vya MTUHA, na anayevijua vitabu hivyo anajua kwamba ni kazi ya kutwa nyingine. Anajumlisha, anahamisha takwimu, anajaza fomu ya mwezi. Usiku, saa nane, anasikia hodi. Ni mama anayejifungua, ameletwa kwa pikipiki, au kwa mashua kama bahari imekubali. Anaamka. Mtoto anazaliwa salama, mama anapumzika, asubuhi wanarudi nyumbani kwa vigelegele. Muuguzi anarudi kwenye kliniki.

Hesabu za saa zake hakuna aziwekaye. Ukizihesabu, juma likiwa bovu, zile 55 anazimaliza Alhamisi.

Siku moja gari la wilaya linafika. Ni timu ya usimamizi. Wanaomba rejista, wanafungua kurasa, wanakuta mwezi mmoja haukujumlishwa sawasawa. Wanakuta sakafu ya stoo ina vumbi. Wanaandika mapungufu katika kitabu cha wageni, wanaweka sahihi, wanaondoka kabla giza halijawakuta njiani. Yote waliyoyasema ni kweli: mwezi haukujumlishwa, na vumbi lilikuwapo. Ila wazazi waliojifungua salama mwaka ule, ambao majina yao yamo katika rejista ile ile iliyokuwa mikononi mwao, hakuna aliyewataja. Kama mmoja angefariki, lingeitwa jopo.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kazi ya afya ikifanyika vizuri haionekani. Mtoto aliyechanjwa haugui surua, na kwa kuwa hakuugua, hakuna anayekuja kushukuru. Ugonjwa ambao haukutokea hauna mashahidi. Kwa hiyo mfanyakazi wa afya, na mlinzi, na fundi wa bomba, na yeyote ambaye kazi yake ni kuzuia mabaya, hawezi kuachwa angojee matokeo yamsemee. Lazima awepo mtu wa kuangalia kwa makusudi na kusema nimeona.

TULIKOTOKA

Pwani hii ina kumbukumbu ndefu ya kazi isiyothaminiwa. Hatuna haja ya kurudi hadi kwenye masoko ya watumwa ya Kilwa Kivinje. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Pamba ile ililimwa kwa kulazimishwa, kwa viboko, kwa malipo ambayo ni dhihaka. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, yakiwemo ya Lindi, ikawapo kadi ya kipande: mtu alikatiwa alama kwa kila siku aliyomaliza kazi, na mpaka zitimie 30 ndipo alipwe. Ukiugua siku ya 20, siku zako zilikaa hapo zikikungoja. Wazee wetu walihesabiwa kama magunia.

Uhuru haukumaliza mambo mara moja. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, uliokataza viongozi kuwa na majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Kati ya mwaka huo na 1973 wafanyakazi wa viwanda kadha vya Dar es Salaam waliacha kazi, na katika migomo mingi hawakuwa wakidai nyongeza ya mshahara. Walikuwa wakilalamikia matusi na unyanyasaji wa mameneja. Tunaona vema jambo hili likumbukwe na wanaodhani kwamba heshima kazini ni mtindo wa kisasa ulioletwa na wazungu wa semina.

Na katika utumishi wa serikali, kwa miaka mingi mkuu wa kazi alijaza taarifa ya siri juu ya mtumishi wake. Siri kweli: mwenyewe hakuiona. Mtu aliweza kufanya kazi miaka mingi bila kujua kama anasifiwa au anachongewa. Mwaka 2004 utaratibu huo ukaondolewa, ukaja wa tathmini ya wazi, uliofahamika zaidi kwa jina la OPRAS, ambapo mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukaa pamoja na kukubaliana. Siku hizi tathmini inafanyika kwa kompyuta. Ni hatua njema, ingawa sote tunajua fomu zilizojazwa Juni, dakika ya mwisho, sahihi zikapigwa dirishani bila watu wawili kuketi pamoja hata robo saa. Wazi lililojazwa hivyo halina tofauti kubwa na siri.

KILWA ILIPIMWA, PWANI WAKALIPWA

Wapo watakaosema, basi tuwape fedha, maneno ya nini? Jambo hili limejaribiwa jirani yetu, tena Kilwa ilihusika kwa namna ya pekee.

Mwaka 2011, kwa msaada wa Norway, mpango wa malipo kwa ufanisi ulianzishwa katika vituo vya afya vya mkoa wa Pwani. Vituo vilivyofikia malengo, hasa ya huduma za uzazi na mtoto, vilipata fedha za nyongeza, na watumishi wakapata sehemu yao. Ili kujua kama mpango unaleta faida, Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzake walilinganisha wilaya za Pwani na wilaya jirani ambazo hazikuwamo. Miongoni mwa wilaya hizo za kulinganishia ilikuwamo Kilwa. Yaani wenzetu wa ng'ambo ya Rufiji walilipwa, sisi tukapimwa. Hatusemi kwa uchungu; ndivyo utafiti unavyofanyika, na bila wilaya ya kulinganishia hakuna ukweli unaopatikana.

Matokeo yake yanafundisha. Akina mama waliojifungulia katika vituo waliongezeka kwa asilimia 8.2 kuliko huku kwetu. Wajawazito waliopewa dawa ya kuzuia malaria waliongezeka kwa asilimia 10.3. Hayo si madogo. Nyuma ya tarakimu hizo pana roho za watu. Lakini huduma zilizolengwa na kupimwa zilikuwa nane, na zilizoonyesha maendeleo ya wazi ni hizo mbili. Aidha, huduma ambazo hazikuwekewa fedha, kama matibabu ya kawaida ya wagonjwa wa nje katika zahanati, zilipungua matumizi yake.

Tunajifunza nini? Kwanza, fedha inasaidia, na anayewaambia wafanyakazi kwamba fedha si kitu huwa ameshiba. Pili, macho ya mfanyakazi hufuata kinachohesabiwa. Ukimlipa kwa uzazi, uzazi utapata nguvu, na mzee mwenye kikohozi anaweza kungoja benchini. Kuna sehemu za kazi ambazo hakuna fomu itakayoziona kamwe: kumshika mkono mama aliyepoteza mtoto, kumweleza mgonjwa dawa kwa mara ya tatu bila kufoka, kuacha chakula chako ili umsindikize mgeni hadi maabara. Hizo haziwezi kulipwa kwa idadi. Zinahitaji mtu wa kuziona na kuzitaja.

ASANTE ILIYO RUSHWA

Sasa tuliseme jambo gumu. Katika nchi yetu neno asante limechafuliwa. Mgonjwa anaambiwa, "Utatuachia asante kidogo?" kabla hajaguswa. Hiyo si shukrani. Shukrani haiwezi kutangulia kazi, wala haidaiwi. Kinachotangulia na kudaiwa ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhusu anayepokea na anayetoa.

Matokeo yake ni kwamba watu wema wa pande zote mbili wanaogopa. Bibi aliyepona anataka kumletea daktari kuku, anaogopa. Daktari anaogopa kumpokea. Tumeulizwa mara nyingi mpaka uko wapi. Sisi tunashauri hivi: kitu kije baada ya huduma kwisha kabisa, kije mchana, machoni pa watu, kije kwa kituo kizima, siyo kwa mtu mmoja chumbani, na kiwe kitu ambacho hata asiyekileta atahudumiwa vile vile. Ndoo ya maembe ikiwekwa juu ya meza ya wauguzi wote, pamoja na mlinzi na mfagiaji, hakuna wa kuinunia. Bahasha ni jambo jingine. Bahasha irudishwe. Na mahali penye utaratibu wa kuandika zawadi katika kitabu, iandikwe.

Ila shukrani iliyo salama kuliko zote ni karatasi. Tutalirudia hilo.

MAMA WA MOPU

Katika kila hospitali, iwe ya wilaya pale Kinyonga, ya mkoa ya Sokoine mjini Lindi, au ya misheni kama Nyangao na Kipatimu, yuko mtu ambaye asipokuja siku mbili kazi ya madaktari wote inasimama. Si bingwa wa upasuaji. Ni yule anayefagia wodi, anayepiga deki damu ya chumba cha kujifungulia, anayebeba taka hadi kwenye kichomeo. Sherehe zikija, majina yakisomwa, lake halimo.

Kwa huyu, shukrani ya kwanza si cheti. Ni glavu nene na viatu vya kufunika mguu. Sindano iliyotumika, ikitupwa ndani ya mfuko wa takataka badala ya boksi lake, humchoma yeye, si aliyeitupa. Kwa hiyo muuguzi anayetia sindano kwenye boksi mara tu baada ya kuitumia ameshamshukuru mfagiaji bila kufungua kinywa. Kadhalika chanjo ya homa ya ini aina ya B: hutolewa dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Wasimamizi wengi huwakumbuka matabibu na wauguzi. Tunaomba orodha ianzie kwa wanaobeba taka na wanaofua mashuka. Na yeyote aliyechomwa na sindano aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni, asikamue, atoe taarifa saa ile ile. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianzishwe mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Mahali ambapo mtu huficha kwamba amechomwa kwa kuogopa kufokewa, basi pana ugonjwa mkubwa kuliko uchafu.

Kisha lipo suala la salamu. Mganga mfawidhi anaweza kuwa kijana aliyetoka chuoni mwaka juzi, na mfagiaji ni mama wa umri wa mama yake mzazi. Tumewasikia vijana wakiita, "Wewe mama, hebu njoo upanguse hapa." Cheo ni cheo, lakini huku pwani umri nao una haki yake. Kijana huyo akianza na "Shikamoo mama," akaitikiwa "Marahaba mwanangu," kisha akasema, "Mama, leo chumba cha kujifungulia kimeng'aa, wazazi wamekisifu," hajapungukiwa na udaktari wake hata kidogo. Tena Kiswahili kimetuwekea tayari maneno ambayo lugha nyingine zinayatafuta: pole na kazi. Ni salamu inayokiri kwamba kazi ina uzito na kwamba anayeibeba ameonekana. Tumeizoea mno hadi tunaipita njiani bila kumtazama usoni tunayemwambia.

Wazee wetu nao walijua. Fundi akimaliza kazi yake kubwa alipewa kilemba, zaidi ya malipo waliyopatana. Mchezaji akicheza vizuri ngomani hutunzwa pale pale, kabla jasho halijakauka, kwani mcheza kwao hutunzwa. Tazama hekima iliyo humo: hawakungoja mwisho wa mwaka.

SI HOSPITALINI TU

Tumeongea mno juu ya hospitali kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya. Lakini anayeajiri watu kwenye mashamba ya chumvi ajue kwamba kwao maji safi ya kunywa na kivuli ni shukrani inayookoa figo. Mwenye kuvunja chumvi chini ya jua bila kunywa maji ya kutosha hupoteza maji mwilini tangu saa nne asubuhi, na vidonda vya miguu vinavyoguswa na maji ya chumvi haviponi bila viatu. Anayeajiri wabanguaji wa korosho akumbuke kwamba mafuta ya ganda huunguza ngozi. Glavu au mafuta ya kupaka mikononi si fadhila. Na wewe uliye na binti wa kazi nyumbani: anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na chakula chake kinapakuliwa baada ya wote. Jina lake la ukoo unalijua?

Sasa yule mwajiri wa vyeti na kofia, tuliyeahidi kumfikia. Sheria ile ya 2004 inamtaka ampe mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka, malipo ya moja na nusu kwa saa za ziada, na likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mama wa pacha. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Hakuna hata moja kati ya hayo iliyo shukrani. Ni deni. Anayelilipa asijione mfadhili. Na anayetoa kofia ya Mei Mosi huku akidaiwa mishahara ya miezi mitatu anamwongezea mfanyakazi ugonjwa, kwa sababu sasa mtu huyo anadaiwa na tabasamu.

Juu ya Mei Mosi yenyewe, siku ambayo tangu 1955 Kanisa pia humkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, hatuna ugomvi na zawadi za mfanyakazi bora. Tunachosikitikia ni kwamba mara nyingi anayechaguliwa ni yule aliye karibu na ofisi ya mkuu, na wa zahanati ya mbali hupata habari kwa redio. Tena zamu ikigeuzwa kuwa ya kupokezana, mwaka huu idara hii, mwaka ujao idara ile, kila mtu anajua kwamba haina maana.

NAMNA YA KUIFANYA

Asante ya jumla, ile ya "nawashukuru wote kwa ushirikiano wenu," haimgusi mtu. Taja jina, taja kitendo, taja siku. "Dada, juzi usiku ulipomgundua yule mzazi ana kifafa cha mimba ukaita gari mapema, uliokoa watu wawili." Hiyo anakwenda nayo nyumbani, anamsimulia mumewe. Makosa yasemwe faraghani, na mema yasemwe mbele ya watu. Wasimamizi wengi hufanya kinyume. Wako pia watu wa haya wasiopenda kusimamishwa mbele ya kikao: hao waambiwe pembeni.

Usisifu kisichostahili. Wafanyakazi wanajuana, na mvivu akisifiwa wachapakazi kumi hukata tamaa siku hiyo hiyo. Na pale palipo na kosa la kweli, kama matusi kwa mgonjwa au dawa kuibwa, hatua zichukuliwe. Wenzake waaminifu wataona kwamba uaminifu wao una maana.

Msimamizi anayetoka wilayani tunamshauri jambo dogo: kabla ya kuandika mapungufu, afungue rejista ya wazazi, ahesabu waliojifungua salama, na aandike idadi hiyo katika mstari wa kwanza wa kitabu. Haitachukua dakika tano.

Kijiji nacho kina lake. Nyumba ya mtumishi isiyovuja, maji karibu, na mtu wa kumsindikiza mkunga usiku vina nguvu kuliko hotuba. Taasisi ya Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, imejenga nyumba za watumishi wa afya katika wilaya za pembezoni kwa sababu iliona kwamba watu hawakai pasipokuwa na pa kulala. Serikali ya kijiji isingojee taasisi ili kubadilisha bati moja. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya kuja huku kusini, watumishi waliobaki vituoni walikula kwa majirani zao, na majirani wale hawakuwa wamesoma kitabu chochote cha utawala.

Na sasa ile karatasi. Faili la mtumishi lina nafasi ya barua ya onyo, na hiyo huwahi kufika. Lina nafasi pia ya barua ya pongezi, nayo inaweza kuandikwa na mgonjwa, na mzazi, na mwenyekiti wa kijiji, na mtu yeyote. Iandikwe kwa mganga mkuu wa wilaya kupitia kwa mfawidhi wa kituo. Itaje majina mawili ya mtumishi, jina la kituo, tarehe, na kilichofanyika. Nusu ukurasa unatosha, na asiyejua kuandika amwombe mwalimu wa shule amwandikie. Nakala moja apewe mtumishi mwenyewe, mkononi.